Chumvi imeenea bahari nzima, planktoni je?

Swali: Nafundisha baiolojia. Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi kwamba planktoni ni viumbe wasioweza kushindana na mkondo: maji yanakokwenda ndiko wanakokwenda. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Kama ni hivyo, mwalimu, kwa nini mikondo haijawakoroga wakaenea sawasawa kama chumvi? Mbona kwenye picha ya satelaiti bahari ni kijani hapa na buluu tupu pale?" Sikuwa na jibu. Nilimwahidi nitamletea.

Jibu: Mwalimu, kwanza mfikishie huyo binti salamu zangu, na umwambie kwamba swali lake lina zaidi ya miaka 130. Mmoja wa waliolijibu vibaya ni mtu yuleyule aliyetupa neno lenyewe. Victor Hensen, Mjerumani, alianza kutumia neno planktoni mwaka 1887, akilitoa kwenye Kigiriki kwa maana ya kitu kinachotangatanga. Mwaka 1889 aliondoka na meli iliyoitwa National kuzunguka Atlantiki, akishusha nyavu na kuhesabu kilichonaswa. Dhana yake ilikuwa ya mwanafunzi wako hasa: maji yanakorogwa mchana na usiku, kwa hiyo planktoni watakuwa wameenea karibu sawasawa, na sampuli chache zitatosha kukadiria bahari nzima. Mwenzake Ernst Haeckel akamjia juu kwa maandishi, akisisitiza kwamba viumbe hawa wako kwa mafungu mafungu. Nyavu za Hensen mwenyewe nazo zikaleta jambo lililowashangaza wengi: maji ya tropiki, yenye jua na joto mwaka mzima, yalikuwa na planktoni wachache kuliko maji baridi ya kaskazini. Nchi kavu tropiki ndiko kwenye misitu minene. Baharini mambo yalikuwa kinyume.

Tuanze na hiyo chumvi, maana binti amechagua mfano mzuri kuliko anavyodhani. Ukichota kilo moja ya maji ya bahari kuu, karibu popote pale, utakuta gramu 33 hadi 37 za chumvi. Sasa pima klorofili, ile rangi ya kijani tunayoitumia kukadiria wingi wa planktoni wa upande wa mimea, ambao hapa nitawaita vijimea. Katikati ya Pasifiki ya Kusini utapata kama miligramu 0.02 kwa kila mita ya ujazo ya maji. Karibu na pwani ambako maji ya kilindini yanapanda, utapata miligramu 10 na zaidi. Bahari ni ileile, mkorogo ni uleule, na tofauti ni mara 500.

Chumvi haizai wala haifi. Ikishaingia baharini hukaa mamilioni ya miaka, na maji huchukua kama miaka 1,000 kuzunguka kutoka juu hadi vilindini na kurudi. Imekwisha kukorogwa mara maelfu. Kijimea hakina muda huo. Kinaishi siku chache, kisha kinagawanyika au kinaliwa. Kikipata mwanga na chakula hugawanyika mara moja hivi kwa siku, na hesabu hii ifanyeni darasani: kimoja leo, viwili kesho, baada ya siku 10 ni 1,024. Mkondo unaotaka kuvitawanya sawasawa unashindana na uzazi wa namna hiyo, halafu unashindana na walaji wanaovimaliza karibu kwa kasi ileile. Kwa hiyo ile picha ya satelaiti haionyeshi planktoni walikopelekwa na maji. Inaonyesha mahali ambapo, katika siku au wiki chache zilizopita, waliweza kuzaliana haraka kuliko walivyoliwa.

Na hapo ndipo mikondo inapoingia kwa mlango mwingine. Kazi yake kubwa si kuwabeba planktoni kwenda huku na huko. Kazi yake kubwa ni kupandisha na kushusha maji.

Kijimea kinahitaji vitu viwili vinavyokaa mbali. Mwanga uko juu: hata katika maji maangavu kabisa, ukifika mita 200 hivi haubaki wa kutosha kutengenezea chakula, na katika maji machafu ya pwani huisha ndani ya mita chache. Mbolea, yaani naitreti, fosfeti na silika, iko chini. Imefikaje huko? Kila kinachokufa juu kinazama. Kinyesi cha wanyama wadogo kinazama. Bakteria wanakiozesha njiani, na mbolea inabaki gizani isipotumika. Bahari ni shamba ambalo rutuba yake inavuja kwenda chini siku zote.

Kinachozuia isirudi ni joto. Maji ya juu yakipashwa na jua huwa mepesi, na mepesi hayashuki. Kati yake na maji baridi ya chini panakuwa na tabaka ambamo joto linaporomoka ghafla, nalo wataalamu huliita thermoklaini. Mimi nitaliita kifuniko. Waonyeshe wanafunzi: jaza chombo cha kioo nusu yake kwa maji baridi yaliyotiwa wino, kisha mimina maji ya moto juu yake polepole sana, yapite kwanza kwenye mgongo wa kijiko. Yatakaa juu bila kuchanganyika. Sasa puliza juu ya uso wa maji kwa mrija. Maji ya juu yatakimbia na kuzunguka, ya wino hayashtuki. Hiyo ndiyo bahari ya tropiki siku nyingi za mwaka: upepo unavuma, mawimbi yanapiga, na chakula kiko mita 100 chini ya miguu yako bila njia ya kupanda.

Mara ya kwanza nilipokiona kifuniko kwa macho yangu ilikuwa usiku, melini, tumeshusha chombo kinachopima joto, chumvi na mng'ao wa klorofili huku kikienda chini. Mistari inajichora kwenye skrini kadiri waya unavyofunguka. Mstari wa joto ulishuka wima kama uzi wa timazi, nyuzi 28, nyuzi 28, hadi mita 60. Kisha ukapinda. Kufika mita 120 ulikuwa umepoteza nyuzi nane. Mstari wa klorofili nao ulikuwa umelala karibu na sifuri tangu juu, nikadhani kifaa kimeharibika. Kwenye mita 75 ukavimba, ukatoa kitumbo kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha ukarudi sifuri. Vijimea vilikuwa vimejipanga penye mpaka wenyewe, mahali pa mwisho ambapo mwanga bado upo na pa kwanza ambapo mbolea inaanza. Juu yake kulikuwa na jua tele bila chakula. Chini yake chakula tele bila jua.

Sasa, nani anafungua kifuniko?

Upepo, lakini kwa njia ambayo huwezi kuibuni ukiwa umekaa kitini. Fridtjof Nansen, Mnorwei, aliiacha meli yake Fram inaswe kwenye barafu ya Aktiki kuanzia mwaka 1893, ili aone barafu itampeleka wapi. Aligundua kwamba barafu haifuati upepo. Inakwenda upande wa kulia wa uelekeo wa upepo. Mwanahisabati kijana kutoka Sweden, Vagn Walfrid Ekman, akalipigia hesabu jambo hilo, na mwaka 1905 akachapisha maelezo kamili. Kwa sababu dunia inazunguka, maji yanayosukumwa na upepo hupindishwa, na ukijumlisha tabaka lote la juu, safari yake inakuwa pembe mraba na upepo: kulia katika Kizio cha Kaskazini, kushoto katika Kizio cha Kusini.

Fikiria basi pwani ya Peru. Upepo unavuma kutoka kusini kwenda kaskazini, sambamba na nchi kavu. Maji ya juu yanapinda kushoto, yaani yanaondoka pwani kwenda bahari kuu. Pwani haiwezi kubaki na shimo. Maji yanayokuja kuziba pengo hayawezi kutoka upande wa nchi kavu, kwa hiyo yanatoka chini, kina cha mita 100 au 200, yakiwa baridi na yamejaa mbolea. Hivyo ndivyo ilivyo pia California, Namibia na pwani ya Afrika kaskazini-magharibi. Maeneo haya ni asilimia chache tu ya bahari yote, lakini karibu moja ya tano ya samaki wanaovuliwa baharini duniani hutoka humo.

Angalia mwendo wenyewe, kwa sababu hapa ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Mkondo wa Ghuba, kule Atlantiki, unaweza kukimbia mita mbili kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 170 kwa siku. Maji yanayopanda Peru yanapanda mita chache, yakizidi sana makumi machache, kwa siku nzima. Kwa macho hutayaona yakisogea. Ukisimama ubavuni mwa mkondo wenye mbio utasema huu ndio unaotawala maisha ya bahari. Lakini Mkondo wa Ghuba wenyewe, ukishafika mbali na pwani, umebeba maji ya buluu yenye njaa, na ule mwendo wa kinyonga wa Peru unalisha ndege, simba-bahari na meli za uvuvi. Mimi nikionyeshwa ramani ya mikondo huwa nauliza jambo moja kwanza: wapi maji yanaachana, yakilazimisha ya chini yapande, na wapi yanakutana, yakilazimika kuzama?

Katikati ya bahari kuu, yanakutana. Mikondo mikubwa inajizungusha kama magurudumu yenye upana wa maelfu ya kilomita, na pepo zinayasukuma maji ya juu kuelekea katikati ya gurudumu. Yanajikusanya, yanazama polepole, na kifuniko kinasukumwa chini zaidi. Mbolea inabaki mbali kabisa. Ndiyo ile buluu aliyoiona binti: buluu ni rangi ya maji yasiyo na kitu cha kuzuia mwanga. Vinavyoishi humo ni vidogo mno. Prochlorococcus ana upana wa mikromita 0.6 hivi, na hakutambuliwa hadi miaka ya 1980, ingawa ndiye kiumbe anayejitengenezea chakula kwa mwanga mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Udogo wake ndio silaha. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo, ndivyo ngozi inavyokuwa kubwa ukilinganisha na tumbo, na ngozi ndiyo inayonyonya chakula.

Kwenye ikweta ya Pasifiki kuna jambo la tatu. Pepo za mashariki hazikomi, maji ya kaskazini ya mstari yanapinda kulia, ya kusini yanapinda kushoto, yanaachana, na utepe wa maji baridi unapanda katikati. Tena pepo hizo zinakiinamisha kifuniko chenyewe: upande wa magharibi kiko mita 150 hivi chini, upande wa mashariki hakifiki mita 50. Rudia jaribio la wino kwenye chombo kirefu na upulize kwa nguvu kutoka upande mmoja, utaona maji ya moto yakirundikana upande wa pili na wino ukipanda upande wako. Acha kupuliza. Wino unarudi chini. Hiyo ni El Niño. Upepo unalegea, kifuniko kinashuka mashariki, na maji yanayopanda Peru yanakuwa yale ya juu ya kifuniko, yasiyo na mbolea. Kupanda kunaendelea, kinachopanda ndicho kilichobadilika. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, samaki wadogo wa jamii ya dagaa. El Niño ya 1972 na 1973 ilipokuja juu ya uvuvi uliokwisha kupita kiasi, uvuvi huo ulianguka.

Kwa wanaoijua Bahari ya Hindi, hakuna mfano mzuri kuliko Somalia, kwa sababu hapo mkondo wenyewe unageuka na msimu. Kusi inapovuma, kati ya Juni na Septemba, upepo unakwenda kaskazini-mashariki ukiwa umeiweka pwani kushoto kwake. Maji yanapinda kulia, yanaondoka, na joto la bahari karibu na Somalia linaweza kushuka chini ya nyuzi 20, mahali palipo karibu na ikweta. Bahari inakuwa kijani mamia ya kilomita kwenda nje. Kaskazi ikija, upepo unageuka, maji yanasukumwa kuelekea nchi kavu, na mlango unafungwa. Wenye majahazi walikuwa wakipanga safari zao kwa misimu hii miwili karne nyingi kabla ya Ekman. Planktoni wanaipangia uzazi.

Mwanafunzi makini akilinganisha ramani ya joto na ya klorofili atakukamata mahali pamoja, kwa hiyo jiandae. Maji yaliyo baridi zaidi siyo yaliyo kijani zaidi. Yaliyopanda leo yana mbolea lakini hayana mbegu. Yametoka gizani, vijimea vyake ni haba na vimelegea. Vinahitaji siku kadhaa kuamka na kugawanyika, na katika siku hizo maji yameshasogea makumi ya kilomita. Wanyama wanaovila, kama kopepoda, yaani wanyama wadogo wa jamii ya kamba, wanahitaji wiki kadhaa kukua, kwa hiyo kilele chao kiko mbali zaidi bado. Baridi, kijani na wanyama vimepangana kwa foleni kuelekea bahari kuu. Hapa ndipo mkondo wa ulalo unapofanya kazi yake halisi: unaitandaza saa juu ya ramani.

Yote niliyosema kuhusu kifuniko yanageuka kichwa chini ukienda kaskazini au kusini sana. Majira ya baridi katika Atlantiki ya Kaskazini, dhoruba na ubaridi hukoroga maji hadi mamia ya mita. Mbolea inajaa juu, lakini kijimea kinazungushwa pamoja na maji na kutumia muda wake mwingi gizani. Kinachokosekana ni mwanga, na kifuniko sasa ni neema. Harald Sverdrup alieleza mwaka 1953 kwamba mlipuko wa majira ya kuchipua huanza pale tabaka linalokorogwa linapopungua kina kiasi cha kuviacha vijimea karibu na jua. Siku hizi baadhi ya watafiti wanasema mkorogo wa baridi unasaidia kwa njia nyingine pia, kwa kuwazimua walaji hadi wasiweze kukutana na mawindo yao. Nadhani zote mbili zina ukweli, kwa uzito tofauti mahali na mahali. Barafu inapoyeyuka ncha za dunia, yale maji yake matamu na mepesi hutandaza kifuniko cha ghafla, na ukanda wa kijani hufuata ukingo wa barafu unaporudi nyuma.

Kuna mahali kanuni hii yote inaonekana kushindwa. Bahari inayoizunguka Antaktika ina naitreti tele juu kabisa na mwanga wa kutosha kiangazi, lakini vijimea ni vichache kuliko inavyostahili. Ikweta ya Pasifiki na Pasifiki ya kaskazini kabisa ni hivyohivyo. John Martin, Mmarekani, alidai kinachokosekana ni chuma, ambacho hufika baharini zaidi kwa vumbi la majangwa na matope ya pwani. Maeneo haya yako mbali na vyote viwili. Alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya wenzake kumwaga takriban kilo 450 za chuma kwenye kilomita za mraba 64 karibu na visiwa vya Galápagos. Vijimea viliongezeka. Halafu, baada ya siku chache, maji mepesi zaidi yakateleza juu yake, na shamba lao lote likazama chini ya tabaka jingine. Fizikia ilijichukulia jaribio.

Jaribio jingine ndilo linalomjibu binti moja kwa moja kuhusu kukoroga. Februari 1999, kusini mwa Australia, watafiti walitia chuma kwenye kipande cha bahari chenye upana wa kilomita saba au nane hivi. Wiki sita baadaye satelaiti ilikiona: utepe mwembamba wa kijani wenye urefu wa kilomita 150. Haukuwa umetoweka ndani ya bahari. Mkorogo wa bahari, kabla ya kuchanganya, huvuta. Hukichukua kipande na kukirefusha, ukakikunja, ukakirefusha tena, na ndani ya utepe vijimea vinaendelea kugawanyika huku maji mapya ya pembeni yakiingia na mbolea yake. Kuna hesabu ya mwaka 1953 ya Kierstead na Slobodkin inayosema kwamba kipande kidogo mno hutawanyika kabla hakijazaa vya kutosha, ila kikizidi ukubwa fulani, uzazi wa katikati hushinda uvujaji wa kingo. Ndiyo maana mkono wa mkorogo huchora badala ya kufuta.

Ukishuka kwenye vipimo vidogo, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Mwaka 1927 mkemia Irving Langmuir, akivuka Atlantiki kwa meli, aliona mwani umejipanga mistari mirefu sambamba na upepo. Baadaye akaonyesha kwamba upepo hutengeneza misokoto ya maji iliyolala ubavu, kila miwili ikizunguka kinyume. Panapokutana, maji yanazama na vinavyoelea vinabaki juu kwa mstari. Ukivuta wavu ndani ya mstari na ukivuta mita 10 pembeni yake, unaweza kuapa umebadilisha bahari.

Kuzama nako. Diatomu, kundi mojawapo la vijimea, wana ganda la silika, yaani kioo hasa, na kioo kinazama. Wanahitaji maji yanayochafuka ili yawarudishe juu, ndiyo maana wanatawala palipo na mawimbi na mbolea. Maji yakitulia, nafasi huchukuliwa na dinoflajelata, kundi jingine, ambao wana mijeledi ya kuogelea mita chache: mchana juu kwenye mwanga, usiku chini kwenye mbolea. Ubaridi pia husaidia wazito, kwa kuwa maji ya nyuzi sifuri yana unata karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 25, na kuzama kunachelewa.

Hapo nimeshaanza kuivunja sentensi yako ya darasani, mwalimu, na naomba radhi. Planktoni hawashindani na mkondo, kweli, lakini hilo ni la ulalo tu. Kwenda juu na chini wengi wanaweza. Kopepoda wa milimita tatu akipanda mita 300 jioni na kushuka alfajiri amekwenda urefu wa mwili wake mara 100,000 kila upande. Kwa mtu mzima hiyo ingekuwa safari ya kilomita 170, kila usiku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa majini walipata mwangwi wa sauti kutoka sakafu ya ajabu iliyopanda machweo na kushuka kukicha. Walikuwa ni wanyama. Nimewahi kuvuta wavu uleule, mahali palepale, saa sita mchana na saa sita usiku. Wa mchana ulileta uteute wa kijani na vijidudu vya kuhesabika. Wa usiku ulipanda mzito, na chupa ilipoinuliwa kwenye taa maji yake yalikuwa yanarukaruka kama mvua inayonyesha kwenda juu.

Safari hiyo inawaficha kwa samaki wanaowinda kwa macho, ila ina faida nyingine inayotuhusu. Maji ya juu na ya chini hayaendi upande mmoja. Penye maji yanayopanda pwani, ya juu yanatoka nje na ya chini yanaingia. Kopepoda anayeshinda juu milele atatupwa bahari kuu. Anayejua lini ashuke hubebwa kurudi alikotoka. Hawezi kuendesha gari, lakini anaweza kuchagua gari la kupanda. Kwenye milango ya mito, viluwiluwi vya kaa na kamba hufanya hivyo kwa maji kujaa na kupwa: hupanda maji yakijaa, hujibanza chini yakitoka.

Na ramani yenyewe inahama. Tangu mwaka 1931 meli za biashara zimekuwa zikivuta nyuma yake kifaa kilichobuniwa na Alister Hardy, kinachochuja planktoni kwenye utepe wa hariri unaojiviringisha. Hariri hizo zinaonyesha kwamba katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki, kopepoda wa maji ya vuguvugu walisogea kama nyuzi 10 za latitudo kuelekea kaskazini katika miongo minne ya mwisho ya karne iliyopita, na wale wa maji baridi wakarudi nyuma.

Darasani ningefanya hivi. Chukua ramani mbili za satelaiti za wiki moja ya Julai, ya joto la uso wa bahari na ya klorofili, uziweke sambamba. Waache waitafute Somalia wenyewe, waone baridi ilipo na kijani kilipo, na wabishane kwa nini havikukaa mahali pamoja. Kisha waende katikati ya Pasifiki ya Kusini. Binti atasema hapa hakuna kitu. Hapo mrudishe kwenye skrini yangu ya usiku ule: satelaiti inaona makumi machache tu ya mita za juu, na lile tumbo la chatu la mita 75 halimo kwenye picha yake.